Karatasi Yenye Muhuri wa Ujerumani

Altenbruck, Ujerumani
18 Aprili 1993

Dada Lidwina, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Pasaka imenifikia, na ile picha ya Mama na kitenge chake kipya nimeibandika juu ya kitanda. Mimi sijambo. Baridi imelegea, siku hizi navaa soksi moja badala ya mbili.

Sasa keti, nina neno. Umeniandikia kwamba wamekupunguza kazini pamoja na makarani wenzako kumi na saba, na kwamba kiinua mgongo chako unataka kukitia kwenye kuku. Dada, kuku wa nini? Nimepata gari. Basi dogo la abiria, injini ya dizeli, viti kumi na tano ukiwabana vizuri, milango ya kusukuma pande zote mbili. Usukani uko kushoto, lakini hilo dereva atazoea.

Utauliza limekuwaje rahisi. Ni habari ya ukaguzi. Hapa kila baada ya miaka miwili gari lazima lipelekwe kukaguliwa, hata liwe la padre. Si kama huko kwetu, trafiki anakwambia washa taa, piga honi, leseni iko wapi, nenda. Hapa linanyanyuliwa juu, mkaguzi anaingia chini na tochi na nyundo ndogo, anagonga kila chuma akitega sikio kama mganga wa kifua. Magurudumu yanawekwa juu ya vyuma vinavyozunguka ili wapime breki ya kushoto na ya kulia kama zinakamata sawasawa. Moshi wanapima. Taa wanapima zinamulika wapi. Hata sanduku la huduma ya kwanza wanalifungua, wanasoma plasta zitaisha muda wake lini! Likifaulu, linabandikwa kibandiko cha duara kwenye namba ya nyuma. Likishindwa, unapewa mwezi mmoja ulitengeneze, urudi tena. Na likiwa baya kabisa, kibandiko wanakibandua palepale, na wewe unatafuta wa kulivuta.

Ada ya ukaguzi yenyewe si kitu. Kinachowatoa watu jasho ni matengenezo kabla ya kwenda kukaguliwa. Saa moja ya fundi katika karakana hii ya Bwana Vogel ninapofanya kazi, mteja analipa karibu sawa na mshahara wangu wa siku nzima. Kwa hiyo wazee wengi wanaona heri waliuze gari kwa bei ya kutupa. Hili ni la bibi mmoja muuza maua. Amechoka nalo, mimi nimelinunua kwa akiba yangu. Wewe lipia meli na ushuru wa bandarini, gari ni lako.

Nimekaa huku mwaka wa tano sasa tangu niliposomea ufundi misheni ya Peramiho na kuletwa hapa. Sijawahi kutuma kitu cha kuonekana. Nipe nafasi hii.

Mdogo wako,
Polycarp


Songea
12 Mei 1993

Polycarp mlongo wangu, ndugu yangu wa damu,

Milele amina, na marahaba. Ila kuku wangu usiwadharau. Wewe unakula soseji huko, sisi tunawategemea hao hao.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikapiga hesabu, mara ya tatu nikamsomea Mama. Mama akatoka nje akaanza kuwaambia majirani. Mpaka jioni mtaa wetu mzima wa Mshangano unajua mtoto wa Mama Ngonyani analeta basi. Kwa hiyo hata nikitaka kukataa, nitakatalia wapi?

Na kazi ipo. Siku hizi serikali imeachia, mtu binafsi akiwa na gari lake anaomba leseni anabeba abiria. Watu wa Peramiho wanateseka, wagonjwa wanapanda malori juu ya magunia ya mahindi. Nikiweka basi pale sitakosa ugali.

Ila nikuulize kitu, na unijibu kama mtu mzima. Huyo mkaguzi wako mwenye nyundo, je, gari la huyo bibi aliligonga? Lilikuwa linaugua nini? Mimi kiinua mgongo ni kimoja tu, miaka kumi na tisa ya kuandika mafaili. Kikienda, hakirudi.

Kama unaniambia ni zima, nakuamini. Sina mwingine wa kumwamini katika mambo ya magari.

Dada yako,
Lidwina


Altenbruck
20 Juni 1993

Dada, shikamoo.

Gari limeondoka jana kwa meli kutoka Hamburg. Kuanzia leo hesabu wiki saba au nane, kisha wakala wa forodha atakuita Dar es Salaam. Nakala za hati nimeziambatanisha.

Uliuliza lilikuwa linaugua nini. Taa moja ya nyuma, raba za waipa, mabomba ya breki yalikuwa na kutu nikayabadilisha yote, ni mapya kabisa. Na kutu kidogo chini. Nimeishughulikia. Kwa barabara zetu gari hili ni bibi harusi. Huku watu wamedekezwa, gari likipata upele wanalizika.

Tafadhali zingatia haya. Chini nimepaka rangi nyeusi nzito ya kuzuia maji. Mafundi wa huko wasiikwangue, hata wakiwa na hamu. Na wakitaka kuliinua kwa jeki, waweke nyuma. Pale mbele upande wa dereva wasiweke.

Nilifanya kazi siku mbili mfululizo ili liwahi meli. Mikono inanuka rangi mpaka leo. Nisalimie Mama, mwambie aandae mahali pa kuketi.

Polycarp


Songea
3 Oktoba 1993

Mdogo wangu Polycarp,

Limefika! Ndugu yangu, limefika na linatembea!

Nimepata dereva, anaitwa Daimu, Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano, hanywi, hagombani na abiria. Yeye ndiye aliyelileta kutoka bandarini. Milima ya Lukumburu ameishuka akisema bismillahi kila kona, amefika anacheka. Jumapili baada ya misa ya pili Padre akalibariki, akanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye injini. Mama alikaa kiti cha mbele na rozari yake, hakutaka kushuka hata gari liliposimama. Mbele nimeandikisha kwa rangi nyekundu ZAWADI YA MLONGO. Nyuma tumeambiwa tuandike LEFT HAND, tumeandika.

Sasa sikiliza mambo. Ndani ya ule mfuko wa plastiki wenye kitabu cha gari nilikuta karatasi ya ukaguzi. Hukuniambia! Unapenda kujishusha wewe. Karatasi nzuri, nzito, muhuri wa duara mkubwa kama kisahani cha chai, na visanduku vingi, na visanduku vyenyewe vimepigwa alama za X moja baada ya nyingine. Mimi nimeshika fomu maisha yangu yote, najua X inawekwa mahali palipotimia. Nikasema, jamani, hawa watu wamelipitisha gari hili kila mahali!

Basi nikampelekea fundi seremala, akaitia kwenye fremu yenye kioo, tumeitundika nyuma ya kiti cha dereva ili kila abiria aione. Mlongo wangu, ile karatasi inafanya kazi kuliko mpiga debe. Pale stendi Daimu anaita, "Peramiho! Gari lenye hati ya Ujerumani!" Watu wanaacha magari mengine yakiwa tupu wanangojea langu. Mwalimu mmoja amewakataza watoto wake kupanda gari lisilo na karatasi. Hata bwana aliyekuja kulikagua hapa alipoiona alisema, "Kama Mjerumani amegonga muhuri, mimi ni nani?"

Tunakwenda Peramiho mara tatu kwa siku, nauli nakusanya mwenyewe. Nimelala masikini, nimeamka mwenye gari. Mungu akuzidishie.

Dada yako anayejivuna,
Lidwina


Altenbruck
24 Oktoba 1993

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata koti sijavua.

Ile karatasi itoe. Leo. Si ya kutundikwa. Ina jina la yule bibi na mahali anapokaa, na sheria za huku ni kali kuhusu mambo ya mtu binafsi. Ingepaswa kubaki hapa, ilisahaulika humo kwa haraka yangu. Ichome, au ifungie kabatini.

La pili, nimefikiri kuhusu Peramiho. Barabara ile ina makorongo, na mvua ziko karibu. Kwa nini usizunguke mjini tu? Mjimwema, sokoni, Mshangano, abiria wanane au tisa, mwendo wa pole. Gari litadumu. Waambie watu limechoka.

La tatu, mkifika Peramiho msiwaonyeshe watu wa misheni karatasi hiyo. Wana kazi zao, msiwasumbue.

Nimefurahi gari limefika. Nimefurahi sana.

Polycarp


Songea
14 Novemba 1993

Polycarp,

Barua yako nimeipokea jana. Imechelewa. Karatasi nilishaitoa Jumanne iliyopita.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa Peramiho, tunangoja gari lijae. Akapanda Sista Kunegunda, yule mrefu wa wodi ya akina mama, akaketi nyuma ya Daimu, uso kwa uso na fremu yako. Wewe ulikulia pale, Polycarp. Ulijifunza kushika spana pale. Umesahau kwamba katika nchi nzima hii, ukiondoa ofisi za ubalozi, hakuna mahali penye watu wengi wanaosoma Kijerumani kama pale? Sista amesomea uuguzi huko miaka sita. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaisoma tena, safari hii kidole kikifuata mistari. Kisha akashuka, akaniita kando ya ukuta.

Alichoniambia sikuandikii. Nataka uniandikie wewe. Karatasi unayo kichwani, najua, maana umeniambia niichome bila hata kuniuliza imeandikwa nini. Niandikie mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, kama unavyomsomea mtu asiyejua. Nami nitailinganisha na maneno ya Sista.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimekuambia yangu yote, hadi kiinua mgongo.

Mama hajambo, ila macho yanamsumbua. Sasa kila Jumamosi anakwenda hospitali Peramiho kutiwa dawa. Anapanda gari la mwanawe, anakaa mbele upande wa Daimu, anasema hicho ndicho kiti cha mama mwenye gari.

Lidwina


SIMU YA MAANDISHI
Imepokelewa Posta Songea, 3 Desemba 1993

MAMA ASIPANDE GARI. BARUA INAKUJA. POLYCARP


Altenbruck
2 Desemba 1993

Dada,

Asubuhi nimetuma simu, nikaomba ruhusa, nimerudi chumbani. Naandika upesi nisije nikabadili nia.

Karatasi inasema hivi. Mstari wa kwanza: boriti ya chesesi, ile mifupa ya gari ya chini, mbele kushoto, imeliwa na kutu mpaka imetoboka, mahali pale pale mguu wa gurudumu unaposhikamana. Mstari wa pili: boriti ya kulia imeanza vivyo hivyo. Mstari wa tatu: mabomba ya breki. Wa nne: taa ya nyuma. Chini kabisa, juu ya muhuri: gari hili si salama barabarani, kibandiko kimeondolewa. Zile X ulizozihesabu ni makosa. Dada, ulitundika barua ya kukataliwa. Nilicheka siku niliposoma barua yako, Mungu anisamehe, nilicheka kwanza, halafu nikakuandikia uitoe.

Mabomba ya breki nilibadilisha kweli. Taa kweli. Boriti sikuichomea. Ilitaka kukatwa kutu yote, kuwekwa bamba la chuma jipya na kuchomewa pande zote, kazi ya siku nne. Meli ilikuwa inaondoka baada ya siku mbili, na mimi nilikuwa nimekwisha kukuahidi gari. Najua kuchomea, dada. Hicho ndicho kinachonila. Si kwamba sikuweza. Nilijaza matundu nyuzi za faiba na puti ya kuzibia, nikasugua mpaka ikawa laini, nikapaka rangi nyeusi juu. Bwana Vogel hakuwepo, hakuna aliyeniona.

Nilijiambia kwamba Songea magari yanatembea yamefungwa kamba na waya. Nilijiambia hawa wazungu wanaogopa kila kitu. Nilijiambia nikija likizo nitalitengeneza. Lakini ukweli ni mmoja: sikutaka kukuandikia kwamba gari limechelewa. Miaka mitano mnaniuliza Ujerumani nimepata nini. Nilitaka gari lifike.

Ukisikia chochote mbele upande wa kushoto, mlio wowote, gari lisimame. Nakuomba. Sili vizuri. Nazihesabu Jumamosi zilizopita, naona sasa wamefika kijiji cha Likuyufusi, sasa wanakata kona ya misheni.

Nitukane, nimestahili. Ila niandikie.

Polycarp


Songea
27 Desemba 1993

Polycarp,

Krismasi imepita. Tulikuwa na kuku wawili, wale wale uliowacheka.

Tulia ule chakula. Gari halijatembea tangu Jumanne ile ya tarehe tisa Novemba. Hakuna Jumamosi yoyote ambayo Mama alipita Likuyufusi na gari lako. Macho yake hayajambo. Nilikudanganya. Sikulala vizuri baada ya kuiposti ile barua, lakini nilitaka kujua kama utaniambia kweli mwenyewe, na sikujua njia nyingine ya kukufikia huko uliko. Nisamehe kwa hilo. Ni hilo tu ninaloomba kusamehewa.

Siku ile Sista alipoondoka nilirudi garini. Limejaa, watu kumi na tano na kuku na ndoo. Nilisimama mlangoni nikawaambia: jamani, karatasi hii niliyowaonyesha mwezi mzima inasema kinyume. Gari hili lilikataliwa. Shukeni, nauli yenu hii hapa. Polycarp, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Kijana mmoja akasema, "Mama, twende hivyo hivyo, Mungu yupo." Mzee mwingine hakutaka kushuka, akadhani nataka kupandisha nauli. Nilisoma fomu miaka kumi na tisa, nikashindwa kusoma hii moja, na watu walinifuata mimi.

Mwanaheri muuza vitenge alishuka wa mwisho. Alikuwa na mapacha wake wa miezi miwili, mmoja mgongoni mmoja mikononi. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa amepanda nasi kuwapeleka kliniki, aliacha magari mawili stendi akingoja letu. Alitazama tu ile fremu, akaondoka akatafuta lori.

Tulilisukuma mpaka kwa fundi Bartolomeo wa pale pale Peramiho, nyuma ya kinu cha mahindi. Akaingia chini na bisibisi, akakwangua ile rangi yako. Akaniita nilale chini nione kwa macho yangu, nami nikalala, na kitenge changu na yote. Akabonyeza kwa mkono mmoja, bila nyundo. Bisibisi ikazama hadi mpini. Daimu alikaa kwenye jiwe, akasema, "Lukumburu nilishuka na hiki?" Ameomba nimtafutie kazi nyingine, simlaumu. Anasukuma mkokoteni wa mchanga sasa, kila Ijumaa anakuja kuniuliza hali.

Sasa habari ya simu yako. Mimi nilikuwa shambani. Mtu wa posta alimkuta Mama, na kwa kuwa Mama hajui kusoma, alimsomea pale barazani mbele ya majirani. Mama asipande gari. Niliporudi nilimkuta ameketi, hajawasha moto. Sikuwa nimemwambia ukweli, nilimwambia gari linangoja kipuri. Ikabidi nimweleze yote, hadi hiyo X.

Nilidhani atalia. Nilidhani hata atafurahi, maana umemkumbuka yeye kwanza, umelipa simu ya gharama kwa ajili yake. Nikaanza kukutetea, nikasema, unaona Mama, mtoto anakupenda. Akanitazama. Akauliza swali moja tu:

"Alipokuwa hajui kwamba mimi napanda, alidhani watapanda akina nani?"

Amesema umjibu yeye, si mimi. Barua itakapokuja nitamsomea.

Lidwina


Altenbruck
23 Januari 1994

Mama yangu, shikamoo.

Dada anakusomea. Namwomba asiruke neno hata moja, na asilainishe.

Barua ya swali lako imefika wiki iliyopita. Nimeandika majibu manne nimeyachana. La kwanza lilikuwa refu, lilieleza habari za meli. La pili lilieleza mshahara wangu. Tulipokuwa wadogo, ulipokuwa unatuuliza nani amekula nyama chunguni, hukutaka kusikia habari za kuni.

Jibu ni hili, Mama. Nilidhani watapanda watu nisiowajua. Nilipokuwa nimelala chini ya gari na kopo la rangi, niliwaona, usifikiri sikuwaona. Niliona viti vimejaa. Lakini hawakuwa na sura. Wewe ulipoketi kwenye kiti kimoja, ndipo nilipokimbilia posta. Kwa ajili ya mapacha wa Mwanaheri sikukimbia, na walikuwa wamekwisha kupanda. Sina jibu lingine, na hili si zuri.

Nimemwambia Bwana Vogel. Ilibidi nimwambie, kwani nilitumia karakana yake kuficha. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alinipeleka kwenye mashine ya kukatia, tukakata mabamba mawili ya chuma kwa vipimo vya boriti ile, yeye anapima mimi nakata. Hakuniambia pole. Aliniambia niende nikamalize kazi niliyoiacha nusu, na nirudi tu kama nimeimaliza. Amenipa wiki sita. Mabamba yapo ndani ya sanduku langu sasa hivi, ni mazito kuliko nguo.

Nitafika mwanzoni mwa Machi. Nitakwenda kwanza kwa Mwanaheri, halafu kwa Daimu. Sijui nitawaambia nini, lakini nitakwenda kwa miguu yangu. Kisha nitakwenda kwa Bartolomeo kuchomea, na yeye asimame juu yangu, kila mahali anapotaka agonge.

Mama, najua desturi. Mtoto akitoka mbali mnakwenda stendi kumpokea, akina mama na vigelegele, mzigo wake unabebwa na wengine. Nakuomba usije, na usimruhusu Dada aje. Nitabeba sanduku mwenyewe hadi Mshangano. Nikifika sitaingia kama mtoto wa nyumba. Nitasimama nje nibishe hodi, na nitangoja hapo mpaka wewe uniitikie.

Mwanao,
Polycarp